Namba ya Kibali Haimlindi Panya

Mwenyekiti wa kikao, maprofesa na walimu wetu, madaktari wa mifugo, ninyi wahudumu wa mabanda ambao mara nyingi hamwalikwi kwenye vikao vya namna hii, na ninyi wanafunzi wa uzamili: wakubwa zetu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie sheria za kutumia wanyama katika utafiti. Ukiitaja sheria mbele ya mwanafunzi, mawazo yake yanakimbilia karatasi: fomu ipi, mhuri wa nani, na namba ya kibali itatoka lini ili kazi ianze kabla muhula haujaisha. Hatumlaumu, ada inalipwa kwa miezi. Lakini namba ile, peke yake, haimlindi panya wala haiulindi utafiti. Kinacholinda ni yaliyoandikwa ndani ya ombi, na mtu anayerudi baadaye bandani kutazama kama ndiyo yanayofanyika. Huko ndiko tutakakokaa sana leo. Sheria zenyewe tutazipitia kwa kiasi cha kutufikisha.

Mfumo huu ulizaliwa Uingereza, na huku ukaja na serikali ya kikoloni. Mwaka 1876 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyomtaka mtu anayefanya jaribio la kuumiza kwa mnyama hai mwenye uti wa mgongo awe na leseni, amlaze mnyama kwa dawa, na amuue kabla hajazinduka ikiwa maumivu yangeendelea. Ilikataza pia kumpasua mnyama hai kwa ajili tu ya kuzoeza mkono. Kisha, kama ilivyo kawaida ya sheria, ikaweka vyeti vya kumsamehe mtafiti baadhi ya masharti hayo hayo. Iliishi miaka 110. Iliyoirithi, ya 1986, inadai hati tatu zinazoshikana: moja ya mtu, kwamba mikono yake inaiweza kazi hii, moja ya mradi, kwamba kazi ina sababu na haipiti miaka mitano, na moja ya mahali wanyama wanapokaa. Ikikosekana moja, mbili zilizobaki hazikuruhusu hata kumchoma sindano.

Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nayo inadai leseni ya majaribio. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008, iliyounda pia Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama. Yasikilizeni majina ya sheria hizo mbili. Anayezuia ukatili husubiri kosa litendeke ndipo ashtaki. Anayedai ustawi huanza mapema: maji yapo, nafasi ipo, mnyama haumwi, haishi kwa hofu. Nusu karne ya mawazo imo katika tofauti ya maneno hayo mawili.

Halafu kuna vibali ambavyo watu huvichanganya na hivi. Tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, hukupa ruhusa ya kufanya utafiti ndani ya nchi. Anayetaka kuwagusa wanyamapori hupita TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na kwa Kenya hupita Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha. Ruhusa hizo ni za lazima, lakini hakuna hata moja inayokuja kutazama namna unavyomshika sungura wako siku ya Jumanne. Mwenye kibali cha utafiti wa nchi akidhani amemaliza suala la wanyama, amelala mlango wazi.

Marekani nayo ina somo lake. Mwaka 1965 mbwa mmoja wa aina ya Dalmatian, jina lake Pepper, alipotea kwao Pennsylvania, akapita mikononi mwa wachuuzi wa mbwa hadi akafia katika jaribio hospitalini New York. Habari za wezi wa mbwa wanaoziuzia maabara zilipoenea, barua za wananchi zikawamiminikia wabunge, na Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria. Sheria hiyo ilizaliwa na uchungu wa mwenye mbwa, na alama hiyo haijafutika: mwaka 2002 iliandikwa waziwazi kwamba panya, wa aina ndogo (mice) na wa aina kubwa (rats), na ndege, wote waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, hawahesabiki kuwa “mnyama” ndani yake. Panya hana mwenyewe wa kumlilia. Pengo hilo Wamarekani wanaliziba kwa fedha, maana anayepokea fedha za utafiti wa afya za serikali yao hufungwa na sera inayomgusa kila mnyama mwenye uti wa mgongo, panya akiwemo. Kwa njia hiyo sheria ya mbali inatufikia: chuo cha Afrika Mashariki kinachopokea fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa kazi ya wanyama hutakiwa kwanza kiweke hati ya uhakikisho kwao.

Hizo ndizo sheria. Sasa twende bandani, ambako sheria ya nchi haiingii kwa miguu yake. Anayeingia ni kamati ya matunzo na matumizi ya wanyama. Sera hiyo ya Marekani inataka wajumbe wasiopungua watano: awepo daktari wa mifugo, awepo mtafiti anayefanya kazi na wanyama, awepo mtu asiye mwanasayansi, na awepo mtu wa nje asiyefungamana na taasisi. Wakague mabanda kila miezi 6. Yule mtu wa nje watu humwona pambo. Tunasema kinyume chake. Maprofesa hupita haraka kwenye ukurasa wa idadi kwa sababu wameuona mara mia. Mfugaji wa kuku au mwalimu wa sekondari aliyealikwa ndiye anayeuliza, “Kwa nini 60? Kwa nini si 20?” Na mara nyingi chumba kizima kinakaa kimya.

Tuchukue ombi ambalo kila chuo cha dawa kinalijua. Mwanafunzi ana majani ya mti fulani. Waganga wanayachemsha na kuwapa watu, naye anataka kujua kama yana sumu. Anaandika: panya wadogo weupe 60, makundi 6 ya panya 10, dozi inapanda kundi kwa kundi, lengo ni kutafuta dozi inayoua nusu yao. Amekopi kutoka tasnifu ya zamani, ambayo nayo ilikopi kwingine. Utaratibu huo, uliokuwa mwongozo namba 401 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ulifutwa mwaka 2002. Kamati inayoupitisha leo haijasoma ombi.

Mahali pake pana miongozo mitatu, 420, 423 na 425. Tuueleze 423, maana ndio mwepesi kuutekeleza kwenye maabara zetu. Unachukua panya 3 wa jinsi moja, kwa kawaida majike ambao hawajawahi kuzaa na hawana mimba, wenye wiki 8 hadi 12, wasiotofautiana na uzito wa wastani kwa zaidi ya asilimia 20. Wamekaa katika vizimba vyao siku zisizopungua 5 kabla ya kuguswa, wapoe safari na wazoee chumba. Dozi za kuanzia zimepangwa: 5, 50, 300 au 2,000 mg kwa kilo ya uzito. Unawapa watatu, unasubiri. Wakifa wawili au watatu, unashuka dozi. Asipokufa hata mmoja, au akifa mmoja tu, unairudia dozi ileile kwa watatu wengine ndipo uamue. Kwa majani ambayo watu wanayanywa, na kuna sababu ya kuamini hayana sumu kali, unaweza kuanzia 2,000 na ukamaliza kazi kwa panya 6. Kutoka 60 hadi 6, na jibu linalotoka ndilo mamlaka za dawa na kemikali zinalolielewa.

Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliliweka wazo hili mwaka 1959 kwa maneno matatu ambayo kwa Kiswahili tunasema mbadala, kupunguza, kuboresha. Mbadala ni kuuliza kama mnyama anahitajika kabisa. Kupunguza ndiko huku kutoka 60 hadi 6. Kuboresha ni namna ya kumshika, kumlaza, kumlisha na kumuua. Fomu zetu nyingi zina visanduku vitatu vya maneno hayo, na wanafunzi huvijaza kwa sentensi ileile: “Hakuna mbadala uliopatikana.” Kamati inayojua kazi huuliza: ulitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe ngapi?

Makosa ya kuboresha ndiyo yanayoharibu matokeo bila mtu kujua. Mwongozo unasema panya wakubwa wanyimwe chakula usiku kucha kabla ya dozi, lakini panya wadogo saa 3 hadi 4 tu; maji hawanyimwi. Mwanafunzi anawanyima wote usiku kucha. Panya mdogo wa gramu 25 mwili wake unaunguza chakula haraka. Asubuhi amepoa, sukari imeshuka, amejikunja kwenye kona. Anapewa dawa, anazidi kulegea, na daftari linaandika “dalili ya sumu”.

Kisha kumlisha dawa yenyewe. Kinachotumika ni sindano butu, bomba jembamba lenye kichwa cha duara kama punje ya mtama. Kabla haijaingia mdomoni pima kwa nje, kutoka pua hadi ubavu wa mwisho, uweke alama. Mshike kwa ngozi ya shingo na mgongo mpaka kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja; akiweza kugeuza kichwa, hujamshika. Pitisha pembeni mwa mdomo, juu ya ulimi, uache panya mwenyewe ameze. Ukikutana na ukinzani, toa uanze upya, usisukume. Kiasi hakizidi ml 1 kwa kila gramu 100 za uzito, au ml 2 kama dawa imeyeyushwa katika maji. Panya wa gramu 25 basi hupata ml 0.25, na hata ya maji haivuki 0.5. Bomba likiingia kwenye njia ya hewa, panya hujitupa, hutoa povu puani na kufa mara moja au baada ya muda mfupi. Huyo ameuawa na mkono. Asipopasuliwa anaingia kwenye hesabu kama aliyeuawa na dawa, na dozi nzima inashushwa kwa kosa la kidole gumba. Kwa hiyo kila aliyekufa apasuliwe: mapafu yakiwa yamejaa kimiminika cha rangi ya majani, umeshapata jibu.

Baada ya dozi, mtazame angalau mara moja ndani ya dakika 30 za kwanza, kisha mara kwa mara hadi saa 24, hasa saa 4 za mwanzo, kisha kila siku hadi siku 14. Kutazama huku ndiko kunakojibu swali, “Utasimama wapi?” Ombi lisilotaja kikomo cha mateso lirudishwe siku hiyohiyo. Kikomo hakiandikwi kwa maneno ya huruma, kinaandikwa kwa vitu vya kupimika: amepungua asilimia 20 ya uzito wake wa mwanzo, hawezi kufika kwenye maji, anapumua kwa kuvuta mbavu, akilazwa ubavu hajigeuzi, anatetemeka bila kukoma. Akifika hapo anauawa kwa upole, tena na mtu aliyetajwa jina kwenye fomu.

Hapa wanafunzi hutubishia: “Lakini dokta, nikimuua mimi, takwimu yangu ya vifo inaharibika.” Haiharibiki. Miongozo ya OECD inasema waziwazi kwamba mnyama aliyeuawa kwa sababu ya mateso au hali ya kukata roho anahesabiwa sawasawa na aliyekufa kwa jaribio. Kumwacha panya afe mwenyewe usiku hakukupi hata namba moja ya ziada. Kunakupa mzoga uliooza asubuhi, viungo visivyofaa kwa hadubini, na mara nyingine wenzake wa kizimba wameshamla nusu.

Na kumuua kunakotajwa ni kupi? Bado kuna maabara zenye chupa ya mdomo mpana, pamba na klorofomu au etha. Klorofomu inadhuru ini la panya, na ikiwa ini ndilo ulilokuwa unalichunguza, umeuchoma ushahidi wako; pia inamdhuru anayeivuta, yaani wewe. Etha hulipuka, na mzoga uliouawa kwa etha ukawekwa kwenye friji ya kawaida unaendelea kutoa mvuke ndani ya boksi lenye cheche. Hewa ya ukaa, mahali ilipo mtungi, miongozo ya madaktari wa mifugo wa Marekani ya 2020 inataka iingie taratibu, asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa boksi kwa dakika. Boksi la lita 20, basi, ni lita 6 hadi 14 kwa dakika, na bila kipimo cha mtiririko kwenye mtungi huwezi kusema ni ngapi. Usilijaze boksi gesi kabla hujamtia mnyama. Kuvunja shingo kwa mkono kunakubalika kwa panya mdogo, na kwa mkubwa asiyefika gramu 200, kwa mtu aliyefunzwa na kuthibitishwa kwa mizoga kwanza.

Turudi kwenye idadi. Punguza, punguza, punguza, kisha mtu anakuja na panya 3 kwa kila kundi akidhani kamati itampongeza. Utafiti wenye wanyama wachache mno usiweze kuona tofauti iliyopo nao ni ufujaji, kwa sababu wote wametumika bila jibu. Pale ambapo mtafiti hana takwimu za awali za kukokotolea, kuna kanuni nyepesi: jumla ya wanyama toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Makundi 4 ya panya 5: 20 toa 4 ni 16, sawa. Makundi 4 ya panya 3: 12 toa 4 ni 8, umepungukiwa. Makundi 4 ya panya 10: 40 toa 4 ni 36, una wanyama wa ziada ambao hawakuongezei kitu. Penye takwimu za awali, tumieni hesabu kamili na mwanatakwimu. Kanuni hii ni ngazi ya kuanzia. Na andikeni pia jinsi panya watakavyogawanywa kwa kura. Mhudumu akiwachukua kwa mkono kutoka kizimbani, wanaokamatika kwanza ndio wazito na wazubaifu. Nao wote watajaa kundi la kwanza.

Sasa kibali kimetoka. Kinachofuata ndicho kinachozishinda kamati nyingi. Ombi linasema panya wadogo, duka la panya limeishiwa, mwanafunzi ananunua wakubwa. Ombi linasema damu itatoka mkiani. Mtu mpya aliyekuja kusaidia anaitoa nyuma ya jicho. Ombi linasema 20, wamekufa wanne kwa joto, wameongezwa wanne. Kila kimojawapo ni badiliko linaloombewa idhini kabla, kwa barua ya nusu ukurasa, na kamati iliyo hai inajibu barua kama hiyo ndani ya siku chache. Isipojibu, tatizo ni lake, na wanafunzi watajifunza kuipita pembeni. Lakini hakuna kamati inayoweza kuidhinisha yaliyokwisha kufanyika. Majarida mengi yanafuata mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti utafiti wa wanyama, uliotoka 2010 na kuhuishwa 2020. Mhariri atauliza idadi, mgawanyo, waliotolewa kwenye hesabu na sababu, na kibali. Tarehe ya kibali ikiwa baada ya tarehe ya jaribio, makala imekwisha.

Damu, kwa kuwa tumeitaja: panya wa gramu 25 ana takriban ml 2 tu mwilini mwake mwote. Kwa mara moja usizidi asilimia 10, yaani ml 0.2, kisha mpe wiki mbili. Anayeomba ml 0.5 kila wiki kwa mwezi mzima anaomba jambo lisilowezekana, na fomu ilipaswa kumkamata mezani.

Anayekagua aanze na kadi ya kizimba. Namba ya kibali iko? Jina la mwenye mradi? Idadi kwenye kadi ni sawa na ya ndani? Kisha anuse: harufu ya amonia ikikuchoma macho mlangoni, panya aliye sentimita 5 juu ya maranda yaliyolowa hali yake ni mbaya zaidi, na mapafu yake hayafai tena kwa utafiti wa kikohozi au kifua kikuu. Kipimajoto kiwe ndani ya chumba, si koridoni. Kiwango kinachotajwa kwa panya ni nyuzi 20 hadi 26, unyevu asilimia 30 hadi 70. Kwetu pwani, miezi ya joto umeme ukikatika usiku, chumba kisicho na dirisha la kupitisha hewa kinavuka hapo kabla ya alfajiri. Mtafiti anakuja saa mbili asubuhi, feni inazunguka, hajui kilichotokea. Kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini la saa 24 si ghali, na ndicho cha kwanza tunachokitafuta ukutani.

La mwisho tunaloliuliza ni la Jumapili. Panya hawajui wikiendi. Nani ana ufunguo wa banda siku hiyo? Anaruhusiwa kumuua mnyama aliyefika kikomo, au lazima ampigie mtu asiyeshika simu? Namba ya daktari wa mifugo imebandikwa mlangoni, na ni ya daktari aliyepo au ya yule aliyehamia Mwanza miaka miwili iliyopita? Fomu yetu mpya ina mstari wa hayo, ukurasa wa 4, chini kabisa. Nakala ziko pale mlangoni. Wahudumu wa mabanda, chukueni nanyi, maana mstari huo mtaujaza ninyi.